Bibi Wawili na Mwito Mmoja

Wajukuu wangu wananicheka kwa sababu naitika kabla sijaitwa. Mtoto akivuta pumzi tu mlangoni, mimi nishasema labeka. Mkubwa wao, ambaye ana miaka mitano na ulimi wa mtu mzima, humwambia mama yake kuwa Bibi ana masikio ya paka. Wacha aseme. Hajui kuwa niliwahi kuitwa nisiitike, na tangu siku hiyo sina subira ya kungoja jina langu limalizike kutamkwa. Jambo hili sikulisema kwa mtu, si kwa mume wangu wala kwa watoto wangu, mpaka mwaka jana baridi ilipoanza kuondoka, Shangazi Asya aliponipigia simu kutoka Sur kuniambia kuwa anahamia Maskati kwa binti yake, nyumba ishapata mnunuzi, na chumba cha marehemu mama yake bado kina vitu. "Njoo wikendi hii unisaidie," alisema. "Chumba kile kilikuwa chako vilevile." Nikamwambia nitakuja. Nilipoweka simu nilijua kuwa nikiingia tena chumba kile pamoja naye, nitamwambia nilichomficha juu ya mwanawe, na nilikuwa nahofia kuwa akishakijua hatanitazama usoni tena. Nina shangazi mmoja tu. Kwa umri wake, sikuwa na miaka mingine ya kuchezea.

Chumba kilikuwa changu kwa mwaka mmoja, tisini na tatu, nilipopelekwa Sur kumalizia skuli nikiwa na miaka kumi na saba. Kilikuwa chumba cha ghorofani, kirefu chembamba, dirisha lake linatazama kichochoro cha kuendea soko la samaki, na kila asubuhi nilijua kilichovuliwa kabla sijafungua macho. Vitanda viwili, kimoja cha Bibi na kimoja changu, na baina yao sanduku la mbao lililokuwa pia ndiyo meza yetu. Ukutani kulikuwa na saa ambayo mgeni akiitazama alidhani imeharibika, kwa kuwa Bibi aliitega kwa saa za Kiswahili na hakukubali kabisa kuigeuza. Asubuhi nikitoka kwenda skuli, Sur nzima saa saba, sisi chumbani saa moja. Shangazi alimwambia mara nyingi, "Mama, watu watakuona huna akili." Bibi akajibu kuwa jua linachomoza Sur kama linavyochomoza Unguja, na siku inaanza linapochomoza, kwa hiyo wasio na akili ni hao wanaoanza kuhesabu siku watu wakiwa wamelala.

Bibi alikuwa anaitwa Zuwena, na mimi ni Zuwena, somo wake. Hapo ndipo penye kisa chote. Tangu nazaliwa Shangazi alipitisha amri kuwa jina la mama yake halipigiwi kelele ndani ya nyumba, "Zuwena lete sufuria, Zuwena umeoga," kama kwamba bibi mwenyewe ndiye anayetumwa. Kwa hiyo na mimi nikaitwa Bibi. Wanaoijua desturi hii hawaioni ajabu. Ziko nyumba zetu ambamo mtoto wa miaka mitatu anaitwa Babu. Lakini nilipokwenda kuishi Sur, nyumba moja ikawa na Bibi wawili, mmoja wa miaka sabini na kitu, na mmoja anabeba mkoba wa skuli. Mtu akisema Bibi anataka maji, vikombe vilikuja viwili. Jirani yetu wa Kiomani, asiyejua Kiswahili hata neno, alishika kuwa bibi maana yake ni msichana, akawa anawaita hivyo na binti zake. Tulicheka sana mwaka ule. Nataka niliseme hilo mapema, kwa sababu ninayoyakumbuka baadaye yanataka kula kila kitu, hata vicheko.

Aliyechekesha zaidi alikuwa Khalfani, mtoto wa kiume pekee wa Shangazi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kaajiriwa serikalini mwaka ule ule, kanunua pikapu ya mkono wa pili na miwani ya jua ambayo aliivaa hata sebuleni. Kazaliwa Oman, kasoma kwa Kiarabu, na Kiswahili chake kilikuwa hakina ngeli. "Kikombe yangu iko wapi?" anauliza. Bibi anamsahihisha, "Kikombe changu." Naye anainama kwa adabu, "Shikamoo Bibi, samahani. Kikombe changu iko wapi?" Bibi anaitikia marahaba huku anajifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya mtandio. Hakuna mwengine aliyeweza kumchekesha vile. Mimi niliona wivu kidogo, kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa safi na hakikumchekesha mtu.

Masika ya Sur, kama ni haki kuyaita masika, ni majuma machache tu. Baridi inaondoka, joto halijafika, na katikati hapo watu wanatoka majumbani kama kuku waliofunguliwa banda. Siku zile mapumziko ya wiki yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Mwaka ule Idi ndogo iliangukia humo humo, mwisho wa mwezi wa tatu, kwa hiyo sikukuu na mapumziko vikafuatana, na nadhani tulilala na mchanga vitandani mwezi mzima. Alkhamisi baada ya sala ya adhuhuri Khalfani anapiga honi nje, na Shangazi anamjibu kutoka jikoni kuwa pilau halisikii honi. Tunapakia mikeka, chupa za chai, jiko la makaa, sufuria limefungwa blanketi lisipoe. Mara nyingine tulivuka kwa kidau kwenda Ayja, tukatembea huko viatu mkononi. Mara nyingine tulikwenda Ras al Hadd, wanaume wakacheza mpira kwenye mchanga ulioachwa na maji kupwa, na sisi tukakaa nyuma ya gari kukimbia upepo. Mimi niliachiwa kazi ya kugeuza mishkaki, na nikiigeuza nilisikiliza maneno ya wakubwa, ambayo yalikuwa matamu kuliko nyama. Bibi na Shangazi waliweza kubishana saa nzima juu ya harusi ya Unguja ya kabla hata Shangazi hajazaliwa, ni nani alisusa na kwa nini, na Shangazi alikuwa mkali zaidi ingawa hakuwako.

Na Bibi alikuwa na sharti lake. Ukisikia unaitwa, na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja. Binadamu ataita tena, na tena. Wao wanaita mara moja tu, na ukishaitika umewapa njia. Hakusema wao ni kina nani, na haikuwa lazima. Adhuhuri moja, jua la utosi, nilikuwa nakunja nguo chumbani nikasikia "Bibi" kutoka uani, sauti ya kike, imekuja waziwazi. Nikafungua mdomo. Bibi akanyanyuka kitandani upesi kuliko nilivyojua kuwa anaweza, akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka kitunguu. "Ngoja," akaninong'oneza. Tukangoja. Hakuna aliyeita tena. Nilipochungulia uani, palikuwa na mlimao na kamba ya nguo tu. Huenda alikuwa jirani kamwita bintiye. Siku hizi nafikiri hivyo. Siku ile nywele zilinisimama, na kwa muda wa wiki nzima nilikwenda bafuni na taa inawaka mchana.

Khalfani aliposikia habari ile alikaa chini kwa kucheka. Akasema jini gani ataacha mahali pake pa baridi aje Sur kuita watu saa sita ya mchana. Lakini tangu siku ile akawa hatuiti ila mara tatu, harakaharaka, kwa pumzi moja. "Bibi-Bibi-Bibi!" anasema mlangoni, na kabla hatujaitika anaongeza, "Mimi mtu, wallahi mimi mtu." Ikawa ndiyo hodi yake. Bibi alijifanya kukasirika, akamwambia afanye mchezo na mengine, hayo asiyachezee. Hakuacha. Mimi nikaizoea ile miito yake mitatu mpaka nikawa siwezi kumwazia akiniita vingine.

Siku yenyewe ilikuwa Alkhamisi ya pili baada ya Idi. Shangazi hakwenda, kwa kuwa jirani alikuwa kajifungua usiku uliopita na yeye ndiye aliyeahidi kumpikia uji wa pilipili manga. Alisimama mlangoni mikono ina unga, akamwambia mwanawe, "Niangalizie bibi zangu." Khalfani akamkubalia kwa Kiarabu, "Hadhir, ummi," na akambusu kichwani, juu ya mtandio, jambo alilolifanya kila siku kwa hiyo hakuna aliyelitazama. Tulikuwa watano: Bibi na mimi mbele pamoja naye, na marafiki zake wawili wa kazini nyuma na matikiti maji. Njia ya lami ilikuwa haijafika pande zile. Tulikwenda kwa njia ya changarawe pembeni mwa bahari kuelekea kaskazini, vumbi linaingia hata vioo vikifungwa. Tulipopita Qalhat, kwenye kaburi la kale la mwanamke ambaye watu wanamwita Bibi mpaka leo, Khalfani akapunguza mwendo akasema, "Bibi wa tatu huyo. Nyinyi hammaliziki?" Bibi akamfinya sikio, kisha akasoma Fatiha.

Bonde tulilokwenda sitalitaja. Watu wengi wanakwenda huko siku hizi na watoto wao, na wana haki ya kufurahi. Linaingia kutoka baharini baina ya kuta mbili za mawe, na ndani yake kuna mitende, migomba, na maji ya kijani yaliyokaa kwenye madimbwi, moja juu ya jingine. Tulitandika mkeka juu ya ukuta wa shamba la migomba, kama kimo cha watu wawili kutoka kwenye maji, kwa sababu Bibi alitaka mahali pasipo na nyigu. Naliandika hili kwa kuwa nyigu ndio waliotuokoa, wala hakuna hekima yoyote ndani yake. Marafiki wawili walirudi kwenye gari kwenda kijijini kutafuta barafu. Matikiti niliyaweka mwenyewe kwenye dimbwi la chini yetu, nikayazungushia mawe yasiondoke. Mzee mmoja wa shamba alipita na punda wake akatuambia kwa Kiarabu kuwa kuna mvua huko juu milimani, tusikae sana. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Khalfani akamshukuru, akamwambia inshallah nusu saa tu, kisha akavua miwani yake akanipa niishike. "N'akwenda oga dimbwi ya juu, mara moja," akasema. Bibi akamwambia, "Dimbwi la juu." Akajibu, "La juu, la chini, maji moja," akaenda zake akirukaruka mawe.

Nilikula kipande cha nyama. Nilivaa miwani yake nikajitazama kwenye kifuniko cha sufuria. Bibi kalala ubavu, mtandio usoni, tasbihi mkononi. Sijui ni dakika kumi au ishirini. Halafu nikasikia, kutoka juu ya bonde, sauti imegonga ukuta wa ng'ambo ndipo ikaja kwetu:

"Bibi!"

Mara moja. Neno labeka lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama Bibi, hakutikisika, nikajua kalala. Nikakumbuka sharti. Nikakumbuka na hili, ambalo ndilo limeniandama zaidi: kuwa Khalfani huita mara tatu, kwa hiyo huyu siye. Nilikaa nimefunga mdomo, nangoja ya pili, na ukweli ni kuwa moyoni nilijiona msichana mwerevu, aliyefundishwa akafundishika. Niliyaangalia matikiti. Moja likazunguka polepole, kama mtu kaligusa kwa kidole. Kisha nikaona maji yaliyolibeba si ya kijani tena, yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kisha ndipo ukaja ule mshindo, nami nikamvuta Bibi kwa mkono wote, tukapanda mashamba ya juu kwa magoti, mkeka na sufuria na kila kitu kikachukuliwa nyuma yetu. Bibi hakupiga kelele. Alikuwa anasema jina lake tu, Khalfani, Khalfani, mara nyingi, si mara tatu.

Walimpata Ijumaa asubuhi karibu na bahari. Sitaandika zaidi ya hapo.

Ninachotaka kuandika ni sebule ya Shangazi siku ya pili ya msiba. Magodoro yametandikwa ukutani, wanawake wamejaa mpaka ngazini, kahawa inazunguka, na Shangazi kakaa katikati hana machozi. Kila aliyeingia kumpa pole, yeye alimshika mkono akamuuliza jambo moja. Aliwauliza marafiki wa Khalfani kupitia pazia. Alimuuliza mke wa yule mzee wa punda, aliyekuja kutoka kijijini kwao kutoa pole. "Alisema nini? Mwisho wake alisema nini?" Wale marafiki walikuwa kijijini kutafuta barafu, hawakuwa na la kumwambia. Zamu yangu ikafika. Kanishika mkono wa kulia, vidole vyake vya baridi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Bibi, mwanangu alisema nini?"

Nikasema, "Hatukusikia kitu, Shangazi. Maji yalikuwa na kelele."

Na Bibi, aliyekaa upande wa pili, akasema, "Hatukusikia."

Maji yalikuwa hayana kelele bado. Hilo nililijua mimi. Nilidhani nalijua mimi peke yangu, kwa kuwa Bibi alikuwa kalala, na neno lake lilikuwa kweli na langu uongo. Nilisema uongo kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na saba na nimeona shangazi yangu ananitazama kana kwamba nina kitu chake mfukoni. Nikimwambia kaita, ataniuliza ukaitikaje. Watu wanasema uongo una njia fupi. Wangu ulikuwa na njia ya miaka zaidi ya thelathini, na niliitembea yote. Nimejiuliza kila swali linaloweza kuulizwa. Kama ningeitika, angesema nini? Angesema pandeni juu? Angesema nipe mkono? Mlinzi mmoja wa bonde aliniambia, miaka mingi baadaye, kuwa maji yale yakija mtu hapati hata nafasi ya kumeza mate, na kwamba kuitika kwangu kusingebadilisha kitu. Nilimshukuru. Haikunisaidia. Sikuwa nikilia kwa kuwa ningemwokoa. Nililia kwa kuwa kaondoka duniani anangoja jibu.

Tuliendelea kuishi, vitanda viwili na sanduku baina yao. Miezi iliyobaki ya mwaka ule Bibi alibadilika, na mimi nilizisoma dalili zake zote kwa upande. Alimwambia Shangazi kuwa sasa mtoto huyu aitwe jina lake, Zuwena, imetosha. Nyumba ikaanza kuniita Zuwena, kwa ulimi mzito, na mimi nikaamini kuwa Bibi kajua, kuwa siku ile hakuwa kalala sana, na ananivua jina kwa adhabu. Sharti lake la kungoja hakulitaja tena. Badala yake akaanza kuwaitikia watu wasiomwita. Muuza samaki akipita kichochoroni kwa ukelele wake, Bibi anasema labeka. Mwana wa jirani akimwita mama yake, Bibi anasema labeka, na ananyanyuka anatafuta kandambili. Shangazi alisema ni uzee. Mimi nikajibu ndiyo, ni uzee. Mwisho wa mwaka nilifaulu mitihani, nikaolewa Ibra, nikawa nakuja Sur kwa sikukuu na kuondoka mapema. Bibi alifariki miaka tisa baadaye. Nilifika kishazikwa.

Basi mwaka jana nikaendesha gari mwenyewe kutoka Maskati, tulikohamia na mume wangu. Njia mpya inapita juu kwa juu ukingoni mwa bahari, na bonde lile sasa lina daraja refu. Unalivuka kabla redio haijamaliza tangazo. Nilishusha kioo, nikapandisha. Sur ina mataa mengi siku hizi, na mtambo wa gesi unaonekana kabla ya mji, na masika hayo hayo yalikuwa yamefika, magari yanatoka kwenda ufukweni na mahema yamefungwa juu. Shangazi alinipokea mlangoni kwa fimbo. Tulikula wali wa nazi na changu wa kupaka, akanilaumu kuwa nimekonda, akanilaumu kuwa binti yangu hampigii simu. Kisha tukaingia chumbani, yeye kwenye kitanda cha mama yake, mimi chini mbele ya sanduku, tukaanza kutoa kanga moja moja, za kugawa upande huu, za kubaki upande ule. Dirisha lilikuwa wazi. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, yenye mwanzo mzuri. Hayakutoka. Nilikuwa nimeshika kanga mkononi nikasema tu, "Shangazi, Khalfani aliita. Siku ile. Nilimsikia nisiitike. Nikakudanganya."

Hakushtuka. Alikunja kanga aliyokuwa nayo, akaiweka upande wa kubaki, akapitisha kiganja juu yake kuinyoosha. Nje mtu alikuwa anaosha gari, redio inaimba.

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

Nikamuuliza unaningoja vipi.

"Mama aliniambia. Siku tatu kabla hajafa, akili yake timamu, mikono yangu kaishika hivi. 'Asya, mwanao aliita Bibi. Mimi n'lisikia. N'likuwa macho. N'kadhani anaitwa mtoto, nikanyamaza n'ngoje aitike yeye. Asiitike. N'kajua n'lomfundisha mimi.' Halafu akaanza kulia, ikawa basi, maneno hayakutoka tena mpaka roho ikatoka." Alisema haya yote bila kuinua sauti. "Kwa hiyo nikajua na wewe umesikia. Kama yeye mzee kasikia, wewe umekosaje?"

Miezi ile yote, kitanda kwa kitanda, kila mmoja wetu alikuwa amelala juu ya neno lile lile akidhani ni lake. Alinivua jina lile kwa kuwa alitaka, mara nyingine mtu akiita Bibi, ajulikane mmoja tu anayepaswa kuitika. Nililia pale chini, kwa kelele, kama mtoto. Nilimwambia Shangazi anisamehe. Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza, miaka yote ile, sikukuu zote zile.

"N'lisema ukiwa tayari utakuja. Na ukija bila ya kutaka, utan'ambia nusu." Akaniachia nilie. Kisha akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika, "Sikukasirika kuwa hamkuitika. Walaa. Maji ni maji, kadari ya Mungu. Nilokasirikia ni kuwa nyinyi wawili mlikuwa na sauti ya mwanangu ya mwisho, mkaificha. Mimi mama yake n'naulizauliza watu pazia kwa pazia, na nyinyi mmekaa nayo ubavuni kwangu. Mama kaondoka nayo yake kaburini. Imebaki ya kwako."

Nikasema, "Kweli, Shangazi."

"Aliita vipi?"

"Aliita Bibi. Mara moja."

"Hilo nalijua. Nakuuliza aliita vipi."

Nikamwelewa. Nikajifuta uso kwa kanga ya marehemu, nikafumba macho, nikaita. Nilivyotoa ilikuwa ni sauti ya mwanamke wa karibu miaka hamsini, imekwaruzika kwa kulia, wala haikufanana na kijana yeyote. Lakini lile pigo la mwanzo lilikuwa lake, na namna lilivyokatika mwisho, kwa kuwa hilo sikulisahau hata siku moja. Nilipofumbua macho Shangazi alikuwa kainamisha kichwa upande wa sikio lake zuri.

"Alikuwa na hofu?" akauliza.

Sikumdanganya mara ya pili. Nilifikiri kwanza, nikaisikiliza tena ndani yangu, mpaka nikawa na hakika. "Hapana," nikasema. "Alikuwa na haraka."

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, machozi yanamshuka mpaka kidevuni asiyafute. Akajivuta ukingoni mwa kitanda, akashika fimbo, akasimama, uso umeelekea dirishani.

"Ita tena," akasema.

Nikaita. Naye akaitika, "Naam, mwanangu," kwa sauti kubwa ya kuvuka bonde, hata yule aliyekuwa anaosha gari kichochoroni akafunga maji, akatazama juu.